Ukiona Shelfu Tupu Supamaketi, Ujue Kuna Mtu Hajalipwa



Kuna swali vijana wa hapa Mafiga wananiuliza kila mara, hasa wale wanaojua kwamba nilifanya kazi stoo ya duka moja kubwa kwa miaka minne (jina la duka tuliache). Swali lenyewe ni hili: inakuwaje supamaketi yenye viyoyozi, kamera na kompyuta inaishiwa unga na mkate, wakati Mangi wa kona anayeandika madeni kwenye daftari hazimwishii? Na kwa nini maduka hayo yanakuja Bongo kwa mbwembwe, utepe unakatwa, halafu miaka michache baadaye unakuta mlango una kufuli?

Msidhani haya ni mambo ya matajiri peke yao. Wengi mliokaa hapo kafe sasa hivi mnatuma CV kwenye maduka hayo hayo. Wengine wazazi wenu wanalima Mgeta na Matombo na wangependa kuuza humo. Kwa hiyo twende taratibu, nieleze jinsi mashine yenyewe inavyozunguka na inapokwamia.

MALI KAULI

Watu wengi wakiingia supamaketi wanaona mali ya tajiri. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vilivyo kwenye shelfu bado havijalipiwa. Biashara yote inaendeshwa kwa mali kauli: msambazaji analeta mzigo leo, duka linauza, na yeye analipwa baada ya siku 30, 60, wakati mwingine 90.

Piga hesabu kidogo. Mwoka mikate analeta mikate asubuhi, jioni imeshauzwa yote kwa keshi. Ile pesa inakaa kwa mwenye duka miezi miwili kabla mwoka mikate hajaiona. Kwa hiyo duka kubwa muda wote linakuwa na pesa nyingi ambazo si zake. Mwenye busara anazilinda. Mwenye tamaa anaziona kama mtaji, anafungua tawi jingine. Tawi jipya nalo linajazwa kwa mali kauli, linaleta keshi ya haraka, na keshi hiyo inalipa madeni ya matawi ya zamani. Mchezo unaenda vizuri kadiri matawi yanavyoongezeka. Siku mauzo yakipungua kidogo tu, au kodi ya jengo ikipanda, hakuna pa kuchomoa.

Mfano mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki ni Nakumatt. Ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, na jina lenyewe linatokana na Nakuru Mattresses. Ikakua mpaka ikawa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Rwanda na huku kwetu. Tanzania ilianzia Moshi mwaka 2011, kisha 2014 ikachukua maduka ya Shoprite ya Dar na Arusha, Wasauzi walipoamua kufungasha virago. Kufika 2017 shelfu zake zilikuwa zinatia huruma, nchi zote. Januari 2018 mahakama Kenya ikaikabidhi kwa msimamizi wa mufilisi. Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura ifungwe, na matawi sita yaliyobaki yakauzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422 za Kenya. Madeni yake yalihesabiwa kwa mabilioni, zaidi ya bilioni 30 za Kenya. Sasa gawanya mwenyewe uone mwoka mikate alibaki na nini.

Wala haikuwa peke yake. Uchumi, iliyoanza miaka ya 1970, ilifungwa mara ya kwanza Juni 2006, ikafufuliwa, halafu Oktoba 2015 ikafunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda huku wasambazaji wakilia. Tuskys nayo ikaanza kuyumba 2020, na 2021 matawi yakawa yanafungwa moja baada ya jingine. Kampuni tatu tofauti, familia na mabosi tofauti, ugonjwa mmoja.

SHELFU ZINAVYOKAUKA

Duka halikauki siku moja. Kuna mpangilio wake, na mtu wa stoo anaujua.

Vinatangulia vitu vya kila siku: mkate, maziwa, mayai, mboga. Anayeleta hivi ni mtu mdogo, anaishi kwa mzunguko wa wiki. Akikaa miezi mitatu bila malipo hana tena pesa ya kununua ngano, kwa hiyo anaacha kuleta, apende asipende. Wanafuata wasambazaji wakubwa wa unga, mafuta, sukari na sabuni. Hawa wana wanasheria na wahasibu, wanaanza kudai keshi mkononi ndipo washushe mzigo. Duka halina keshi, gari linarudi na mzigo wake.

Hapo ndipo usanii unapoanza. Tulikuwa tunaambiwa "vuteni mbele". Maana yake, bidhaa zilizobaki zinapangwa ukingoni mwa shelfu mstari mmoja, nyuma hewa. Ukipita haraka unaona pamejaa. Baadaye bidhaa moja inapewa nafasi ya bidhaa tano: ukuta mzima wa toileti pepa, ukuta mzima wa maji ya chupa. Mwisho vinabaki vitu visivyo na haraka, mabeseni, sufuria na maua ya plastiki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona duka kubwa limejaa mabeseni lakini halina mkate, usimlaumu yule dada wa kaunta. Yeye mwenyewe pengine ana miezi miwili hajaona mshahara.

KOMPYUTA INASEMA IPO

Haya, lakini kuna maduka yanalipa vizuri na bado vitu vinakosekana. Hapa tunaingia kwenye ugonjwa wa pili, duka kutojua lina nini.

Oda za duka kubwa zinaongozwa na hesabu rahisi tu. Tuseme tunauza mifuko 40 ya unga kwa siku. Mzigo kutoka Dar unachukua siku tatu toka oda itoke mpaka ushushwe (kwa mwendo wa gari ni kilomita kama 190 tu, ila makaratasi ndiyo yanayokula siku). Siku tatu mara 40 ni mifuko 120. Unaongeza akiba ya siku mbili, mifuko 80. Jumla 200. Kompyuta ikiona imebaki mifuko 200, inasema agiza.

Sasa tuseme kompyuta imekosea kwa mifuko 150. Mingine ilipasuka ikatupwa bila kuandikwa, mingine iliibwa, mingine haikushushwa kabisa ila mpokeaji alisaini hivyo hivyo kwa sababu ya haraka. Kompyuta inasoma 200, stoo kuna 50. Inaisha kesho asubuhi na gari linakuja siku mbili baadaye. Shelfu tupu.

Kuna hali mbaya kuliko hiyo. Kompyuta inasoma 210 na stoo hakuna hata mfuko mmoja. Kwa kuwa hakuna unga, hakuna mauzo. Kwa kuwa hakuna mauzo, namba haishuki. Haitafika 200 hata siku moja, na oda haitatoka milele, mpaka mtu mwenye miguu yake aende kuhesabu. Mteja anauliza, keshia anabonyeza, anajibu "mbona kwenye sistimu ipo?" Wote wawili wanasema kweli, na unga hakuna.

Makosa haya yanazaliwa na vitu vidogo mno. Mteja ana juisi sita, tatu za embe, tatu za chungwa. Keshia ana foleni ndefu, anaskani ya embe mara sita. Bei ni ile ile, mteja hajaibiwa. Lakini hesabu ya embe imepungua tatu zaidi na ya chungwa imebaki na tatu za uongo. Zidisha kwa mwezi mzima.

Usidhani ni ushamba wa Kiafrika. Kampuni ya Target ya Marekani iliingia Kanada mwaka 2013 na kufungua maduka 133. Vipimo vya bidhaa viliingizwa kwenye kompyuta kwa makosa, kwingine inchi zikaandikwa mahali pa sentimita, takwimu nyingine zikakosewa kabisa. Matokeo yake maghala yalifurika mpaka pakakosa pa kuweka mzigo, na huku madukani shelfu ni nyeupe. Januari 2015 ikatangaza kufunga yote, na watu wapatao 17,600 wakakosa kazi. Pesa walikuwa nazo, mali walikuwa nayo. Walichokosa ni hesabu ya kweli.

Na Mangi? Mangi anageuza shingo tu. Shelfu yake yote anaiona kutoka alipokaa, akiona katoni imelegea anapanda bodaboda kwenda duka la jumla. Kompyuta yake ni macho. Udhaifu wake ni kwamba macho hayo yanatosha duka moja, na ukinunua kwake kidogo kidogo unalipa zaidi kwa kilo. Kila mmoja ana mahali pake.

MTU WA ZAMU NA SHOTI

Ukiyaangalia makosa yote hayo, mengi yanashikwa au yanaachiwa na mtu mmoja, mfanyakazi wa chini: mpokea mzigo, mpanga shelfu, keshia. Na huyo ndiye anayekatwa wa kwanza bosi akitaka kupunguza gharama. Zamu iliyokuwa na watu wanane inabaki na wanne. Watu wanne hawahesabu mzigo, wanasaini tu. Hawapati muda wa kutoa vilivyopitwa na tarehe. Duka linaokoa mishahara minne na kupoteza mali ya mishahara kumi.

Halafu upotevu ukionekana mwisho wa mwezi, unagawanywa kwa wafanyakazi. Hapa nataka mnisikilize vizuri nyie mnaotafuta kazi. Mahali nilipofanya kazi, upotevu wa duka zima uligawiwa sawa kwa sawa, hata kwa aliyekuwa likizo. Unakuta kijana amefanya kazi mwezi mzima, anaondoka na hela ya nauli na chumvi. Tulidhani ndivyo kazi za duka zilivyo. Sivyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hawezi kukukata kwa ajili ya upotevu mpaka masharti yatimie. Upotevu uwe umetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako wewe, siyo la zamu nzima. Akuandikie kwa maandishi nini kimepotea, kiasi gani, na amefikiaje hesabu hiyo. Akupe nafasi ya kupinga. Kiasi anachokata kisizidi hasara halisi. Na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wako. Tena kuwe na makubaliano ya maandishi yanayotaja deni lenyewe.

Sheria hiyo hiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Ukiwa na mgogoro unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kama umeachishwa kazi una siku 30 za kupeleka lalamiko, mengine siku 60. Ukichelewa inabidi uombe kibali maalumu, na si lazima upewe. Kwa hiyo weka nakala za kila kitu: mkataba, ratiba ya zamu, karatasi ya mshahara. Piga hata picha kwa simu.

Kuna kitu kingine nilichojifunza stoo. Pale wafanyakazi wanapokatwa kwa kosa lisilo lao, wanaacha kutoa taarifa za upotevu. Mfuko ukipasuka unafichwa nyuma ya magunia, maana ukiuandika unakatwa. Basi kompyuta inaendelea kuamini mfuko upo. Mnaona jinsi ugonjwa wa pili unavyozaliwa na wa tatu?

WAZEE WALISHAYAONA

Wazee wa Moro ukiwaambia habari ya shelfu tupu watakucheka. Wao waliishi na RTC, kampuni za biashara za mikoa zilizozaliwa 1973 baada ya Shirika la Biashara la Taifa, STC, kugawanywa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili ya vijiji na ushirika yashike nafasi. Ya vijiji mengi hayakuwa tayari, bidhaa zikakosekana, na serikali ikalegeza kamba. Vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vikamalizia kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari vilikuwa vya kupanga foleni kwenye duka la kaya. Nafuu ilianza 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa nje kwa fedha zao wenyewe.

Wakati ule tatizo lilikuwa duka linapokea kilichogawiwa kutoka juu, wala siyo kile mteja anachohitaji. Na hili halijafa. Tawi la kampuni kubwa ya nje linaweza kuletewa mzigo uliopangwa na ofisi iliyoko nchi nyingine kabisa, na meneja wa hapa hana ruhusa ya kununua hata fungu la mchicha. Tofauti ni kwamba siku hizi amri inakuja kwa barua pepe.

MZIGO WA ULUGURU UNAPITA WAPI?

Ukisimama hapa Mafiga unaiona milima. Huko juu, Nyandira na Mgeta kwa ujumla, kunalimwa kabichi, karoti, njegere, hata stroberi na matunda damu. Kinole na Matombo kuna ndizi, nanasi, mdalasini, pilipili manga. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei waliletwa Mgeta miaka ya 1980 kupitia chuo chetu cha SUA. Mali hiyo inashuka kila siku kwenda soko la Chifu Kingalu na Dar. Lakini kuiona kwenye shelfu ya supamaketi ni kazi.

Mkulima hawezi kuingia kwa sababu tatu, na zote si za uvivu. Kwanza, duka linataka kiasi kile kile kila wiki, kiangazi na masika, wakati barabara za milimani zikinyesha zinateleza kama sabuni. Pili, linataka vifungashio, alama ya TBS kwa bidhaa iliyosindikwa, na msimbo wa mistari. Tatu, na ndiyo kubwa, tunarudi palepale: mali kauli. Mama wa Nyandira atasubirije siku 60 wakati mbegu na mbolea vinalipiwa leo? Sokoni anapata bei ya chini lakini anarudi na hela mkononi. Kwa akili yake, amechagua sawa.

Kuhusu msimbo kuna jambo mtalipenda. Angalia tarakimu tatu za mwanzo chini ya ile mistari. Namba 620 ni ya Tanzania, 616 Kenya, 600 na 601 Afrika Kusini. Mpaka mwaka 2011, GS1 Tanzania ilipoanza, wenye viwanda wetu walikuwa wanakwenda kusajili nje, kwa hiyo bidhaa ya Bongo ilikuwa inasomeka kwa namba ya jirani. Ila tahadhari: namba inaonyesha kampuni imesajili wapi msimbo wake. Haithibitishi kitu kimetengenezwa wapi.

Kenya baada ya kilio cha Nakumatt walirekebisha sheria yao ya ushindani mwaka 2019, ili mamlaka iweze kumbana mnunuzi mkubwa anayechelewesha malipo ya mdogo. Sheria peke yake haijazi shelfu, Tuskys ilianguka hata baada ya hapo. Lakini angalau mwoka mikate ana pa kwenda kulia.

KWA HIYO?

Kama unapeleka mzigo supamaketi, anza na kidogo, na usipeleke wa tatu kabla wa kwanza haujalipwa. Usitazame taa na marumaru. Katazame shelfu ya mkate na maziwa, hiyo ndiyo taarifa ya fedha ya duka unayoweza kuisoma bila mhasibu.

Kama unaomba kazi huko, pita kwanza kama mteja. Ukikuta mabeseni ukuta mzima na keshia mmoja kwenye kaunta sita, jua unakoingia. Na ukiingia, hesabu kabla ya kusaini, kila mara, hata dereva akikupigia honi.

Na kama wewe ni mteja tu, siku ukikuta shelfu tupu usimfokee kijana wa zamu. Kilichoondoa unga hapo kimefanyika mbali na yeye.

Nawasilisha. Wenye uzoefu wa kaunta na stoo, na wale mliowahi kudai mkashindwa kulipwa, tiririkeni hapo chini. Majina ya maduka siyo lazima, tunachotaka ni mambo yenyewe.